Nina digrii na milioni 2.4: nifuge kuku 500 au nikakae dukani?

Shikamoo mshauri,

Nina miaka 26, nilimaliza Shahada ya Sosholojia mwaka jana. Nimeomba kazi kila mahali. Nimeitwa usaili mara mbili, na mara zote nimeishia kwenye mchujo wa maandishi. Naishi kwa shangazi yangu Kihonda, Morogoro. Kazi pekee niliyopata ni ya miezi minne ya kukusanya takwimu za utafiti vijijini, ndiyo iliyoniachia akiba ya shilingi 2,400,000.

Nataka kufuga kuku wa nyama 500. Hesabu nimeitoa kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji: vifaranga 500 kwa 1,800 ni 900,000, chakula mifuko 16 kwa 68,000 ni 1,088,000, chanjo na dawa 50,000. Jumla 2,038,000. Wiki ya tano nauza kuku 500 kwa 7,500, napata 3,750,000. Faida ni 1,712,000. Shangazi ananipa banda lililokuwa la ng'ombe, mita 4 kwa 5, sakafu ya saruji. Nimeulizia na bei za hapa: wachuuzi wanachukua bandani kwa 6,500, mama lishe na wauza chipsi wanalipa 8,000 kwa kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa, ukiwapelekea.

Shangazi mwenyewe hataki habari za kuku. Rafiki yake ana duka la vyakula vya kuku na dawa za mifugo, anatafuta mtu wa kukaa kaunta kwa mshahara wa 180,000. Nakiri naona aibu. Wale niliosoma nao wakija kununua stata (chakula cha vifaranga) wanikute nimebeba mifuko? Mama yupo Kilosa, mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na wote wanajua nina hela. Isitoshe nina deni la Bodi ya Mikopo, naogopa nikiajiriwa kwa mshahara huo watakata wote. Nifanyeje?

Mhitimu, Kihonda

*

Marahaba, mdogo wangu. Afadhali umeandika kabla hujalipia vifaranga.

Tuanze na hiyo mifuko 16. Kuku wa nyama anayefika kilo 1.8 ndani ya siku 35 anakuwa amekula kilo 3.2 hivi tangu siku ya kwanza, na hapo chakula ni kizuri na banda halina panya. Kwa kuku 500 ni kilo 1,600, yaani mifuko 32. Aliyeandika 16 amekata nusu, na waliomfuata wananakili tu. Hizi ni ndugu wa zile hesabu za tikiti maji za ekari moja zilizowaliza vijana wengi.

Kwa bei zako mwenyewe, mifuko 32 ni 2,176,000. Ongeza vifaranga 900,000. Chanjo, vitamini na dawa za kuku 500 weka 75,000. Mkaa wa kulelea na maranda, ambavyo hukuviandika kabisa, weka 120,000. Jumla ni 3,271,000, na wewe una 2,400,000. Kisha toa vifo: kwa anayeanza, asilimia 5 ni bahati nzuri, kwa hiyo utauza 475. Ukiwauza wote kwa 7,500 unapata 3,562,500, faida 291,500. Lakini hakuna mama lishe wa kuchukua kuku 475 kwa siku mbili. Kuku wengi hivyo wanaishia kwa wachuuzi wa 6,500. Hapo unapata 3,087,500, na hasara ni 183,500.

Lililo baya zaidi ni siku pesa itakapokatika. Ukishalipia vifaranga, dawa, mkaa na maranda unabaki na 1,305,000, ambayo ni mifuko 19. Kuku 500 wanaimaliza siku ya 27 hivi. Siku hiyo wana kilo moja na robo, hawajafikia soko, na wanakula kuliko walivyowahi kula. Wafugaji wengi hukamatiwa hapo: ama na mchuuzi anayekuja kukupa bei ya huruma, ama na mikopo ya kausha damu. Kuku wakishinda bila chakula uzito unadumaa.

Banda nalo. Mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Kuku wa nyama anayekaribia kuuzwa anahitaji nafasi ya kuku 10 kwa mita moja ya mraba, tena kwa joto la Morogoro usizidishe. Banda lako ni la kuku 200. Ukiwabana 500 humo, maranda yanalowa ndani ya wiki tatu, amonia inawachoma macho, koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara damu) inaingia, na mchana mmoja wa Januari unaokota mizoga.

Kwa hiyo 500 hapana. Lakini sikuambii uachane na kuku. Umetaja bei mbili kwenye barua yako ukazipita haraka, na biashara yako imelala katikati ya hizo bei: 6,500 bandani, 8,000 kwa mama lishe.

Tofauti ni 1,500 kwa kuku. Mchinjaji na mnyonyoaji wakichukua 300, bodaboda na mifuko ya kufungia 200, unabaki na 1,000. Kuku 50 kwa wiki ni 50,000. Sasa linganisha na kufuga. Kuku 100 kwa bei zako: vifaranga 180,000, chakula mifuko sita na nusu, 442,000, chanjo na dawa 25,000, mkaa na maranda 45,000. Jumla 692,000. Wakipona 95, ukauza 60 kwa 8,000 na 35 kwa 7,500, unapata 742,500. Faida ni 50,500 kwa wiki tano, kabla hujatoa gharama za kuchinja na kusambaza wale 60, na ya sita ya kusafisha na kupumzisha banda. Yaani kufuga kuku 100 kwa wiki sita hakukupi zaidi ya kuuza kuku 50 wa watu wengine kwa wiki moja.

Mtaji pia ni tofauti. Ukichukua kuku 25 mara mbili kwa wiki, kila safari ni 162,500, na pesa inarudi siku hiyohiyo. Kuku wako bandani wanaishikilia laki saba kwa mwezi mzima, na ugonjwa ukiingia hairudi.

Ila usidhani ni mteremko. Kinachoua uchuuzi wa kuku ni mambo matatu, na la kwanza ni mkopo. Mama lishe atakwambia "nitakupa jioni", na wateja wanne wenye deni la kuku watano kila mmoja ni 160,000, yaani safari nzima ya kununulia. Sema tangu siku ya kwanza: kuku anaachwa, pesa inapokelewa, anayetaka kukopa akope mmoja, na hapati wa pili kabla hajalipa. La pili ni saa. Bila friji unachinja saa kumi na moja alfajiri na unamaliza kusambaza kabla ya saa mbili asubuhi; nyama iliyofika saa nne imeshapigwa na joto, na mteja anajua kwa harufu. La tatu ni uchinjaji. Wateja wako wengi wanataka kuku aliyechinjwa na Mwislamu kwa taratibu zake, kwa hiyo mtafute mchinjaji anayejulikana mtaani na usimchenge hata siku moja. Kuku aliyekufa njiani ni kibudu. Mfukie, hata kama moyo unauma. Utumbo, vichwa, miguu na firigisi vina soko lake. Kabla ya kumlipa mnyonyoaji 300, ulizia anavyoondoka navyo. Pengine ukimwachia utumbo na miguu atakupunguzia, au pengine firigisi zako zinamlipa yeye zaidi ya wewe.

Kabla ya kuanza mwone afisa mifugo wa kata akuelekeze mahali panaporuhusiwa kuchinjia, na uulizie usajili wa wafanyabiashara wa nyama ulio chini ya Bodi ya Nyama. TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA). Jua mapema kwamba kwa mfanyabiashara mdogo asiye na mahesabu yaliyokaguliwa, kodi hukokotolewa kwa mauzo ghafi, haiangalii faida. Kuku 50 kwa 8,000 ni 400,000 kwa wiki, zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, japo mfukoni unaingiza 50,000. Andika daftari la manunuzi na mauzo tangu kuku wa kwanza, kisha nenda nalo TRA.

Sasa tuje kwenye duka unaloliona la aibu. Hao wafugaji utakaonunua kwao, ungewapata wapi? Wote wa Kihonda na jirani wanapita kwenye kaunta hiyo. Anayenunua leo mifuko mitano ya finisha, chakula cha wiki za mwisho, ana kuku wa kuuza ndani ya siku kumi, na wewe ndiye unayemwandikia risiti. Mtu mwingine angezunguka na pikipiki mwezi mzima kutafuta taarifa hiyo. Juu yake unaona nani anakuja kulalamika kuhusu vifaranga vya wapi, mfuko upi unarudishwa kwa ukungu, na nani anauza chanjo iliyokaa kwenye friji lililozimika. Mimi ningelichukua kwa mikono miwili. Wenzako wakikukuta na mifuko, wauzie, na uwaulize kuku wao wana siku ngapi.

Lakini usiingie kiholela. Omba mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Maduka mengi yanafungua hadi saa mbili usiku siku saba, kwa hiyo kubalianeni saa na siku ya mapumziko. Elewaneni kuhusu shoti: stoki ikipungua nani analipa? Kama mwenye duka, mwanawe na wewe wote mnaingiza mkono kwenye droo moja, kataa kubeba shoti peke yako, au dai kuhesabu stoki kila Jumamosi na kutia saini. Omba pia, iandikwe, ruhusa ya kwenda usaili. Dawa za mifugo usizipendekeze kwa mteja. Dukani lazima awepo mtaalamu wa mifugo, na ndiye anayesema dawa gani, kipimo gani na kuku akae siku ngapi kabla ya kuchinjwa. Wewe uza chakula, vyombo na maranda. Mwambie pia mwenye duka wazi kwamba alfajiri unauza kuku; akija kuyasikia kwa wateja ataona unamwibia.

Bodi ya Mikopo haiwezi kukata wote. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa 180,000 ni 27,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, sehemu yako ni asilimia 10, yaani 18,000. Kodi ya mshahara haikugusi kwa sababu inaanzia juu ya 270,000 kwa mwezi. Mkononi inabaki 135,000, na hiyo ni kama makato ya Bodi yameanza. Kwa kawaida marejesho huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako ya Bodi uangalie salio na tarehe yako. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo anayekutisha kwamba deni linazaa kila mwaka kwa asilimia hiyo anasimulia ya zamani. Ila kujiajiri hakufuti deni: aliyejiajiri naye anadaiwa, analipa mwenyewe kwa namba ya malipo.

Kwenye 135,000, mama mpangie kiasi kimoja kisichobadilika, hata 30,000, siku ileile kila mwezi. Akiba ya 2,400,000 usiitume kidogokidogo. Mwambie mama hela imewekwa kwenye kazi. Kweli itakuwa imewekwa. Igawe hivi: 250,000 mzunguko wa uchuuzi, 750,000 kundi la majaribio la kuku 100, zinazobaki 1,400,000 zikae benki au kwenye vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS, mbali na simu. Usizichanganye.

Kuku 100 wa nini, kama faida haizidi elfu hamsini? Wa kukufundisha. Asiyewahi kulea kifaranga hajui kuku wa mwenzake akoje anapomnunua. Anza mwezi wa pili au wa tatu wa kazi, ukiwa umeshajua wateja wako. Tumia nusu ya banda, mita za mraba 10. Safisha, puliza dawa ya kuua vijidudu, liache likauke wiki moja. Maranda yawe unene wa sentimita 5 hadi 8. Siku vifaranga wanapofika, kitalu kiwe kimepata joto saa kadhaa: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha ushushe nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto kikikosekana soma vifaranga wenyewe. Wakirundikana karibu na jiko wana baridi, wakitawanyika ukutani midomo wazi wana joto, wakienea kote wako sawa. Jiko la mkaa liwakie nje mpaka moshi uishe ndipo uliingize, na uache upenyo wa hewa juu. Vifaranga wengi wanaosemwa "wamekufa usiku bila ugonjwa" wameuawa na gesi ya mkaa.

Stata mfuko mmoja unawafikisha siku ya 14, growa miwili hadi siku ya 24 hivi, finisha mitatu na nusu hadi mwisho. Chanjo ni Newcastle, yaani mdondo, siku ya 7. Gumboro siku ya 14. Mdondo tena siku ya 21. Hapa watu wanalipia chanjo na kuku wanakufa vilevile, na sababu huwa maji. Chanjo ina virusi hai, na klorini ya bomba inaviua. Tumia maji ya kisima safi au ya mvua, au ya bomba yaliyokaa ndoo wazi usiku kucha, uweke gramu 2 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita. Wanyime maji saa moja na nusu kabla, kisha chanjo yote inywewe ndani ya saa mbili. Ibebe kwenye barafu, hata kama duka liko hatua mia moja.

Tarehe ya kuuza ipange kabla ya kuagiza vifaranga, na oda za kuku 60 ziwe zimeandikwa ifikapo siku ya 21. Kuku 100 wa siku 35 wanakula kilo 17 kwa siku, yaani 23,000. Kwa kuwa huku mnauza kwa kuku na siyo kwa kilo, uzito unaoongezeka hulipwi. Siku mbili za kusubiri bei zinakula faida yote. Ikifika siku ya 35 bado unao 30, wachinje na uwasambaze wewe mwenyewe; hiyo ndiyo faida ya kuwa mchuuzi kwanza. Ukivuka makundi mawili bila vifo kuzidi watano, jaza banda kuku 200. Ndipo wewe na wenzako mnaweza kufikiria kikundi na mkopo wa halmashauri usio na riba, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kati yake zikiwa za vijana. Kukopa kabla ya kujua vifo vyako ni kukopea mizoga.

Digrii usiifungie sandukuni. Kazi ya kukusanya takwimu umeshaifanya, na waliokuajiri wanaitisha watu walewale. Mwandikie msimamizi wako kila baada ya miezi miwili, na ujifunze kutengeneza dodoso mwenyewe kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu, siyo kujaza tu. Nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II hupokea wenye sosholojia, na hutangazwa Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali. Kama unaishia mchujo wa maandishi, basi karatasi zako zinapita na tatizo ni maandalizi: soma muundo wa halmashauri, Sera ya Maendeleo ya Jamii, sheria ya utumishi wa umma na miongozo ya hiyohiyo mikopo ya asilimia 10, kwa sababu ndiyo kazi ya kila siku ya afisa huyo, na wewe kaunta itakukutanisha na vikundi vilivyokopa. Na kwenye portal, barua ya maombi isaini kwa mkono kabla ya kuiskani, vyeti viwe vimethibitishwa na wakili, na usipandishe matokeo ya muda mahali panapotakiwa cheti.